Nilikopa Novemba

Jana binamu yangu wa Bremen, Ujerumani, kanitumia voisi ya dakika nne, eti sheria mpya ya mikopo ya Ulaya inakuja, hata ile nunua-sasa-lipa-baadaye imo, nchi zilitakiwa ziwe zimeshaiweka kwenye sheria zao kufikia Novemba 20, 2025 ili ianze kutumika Novemba 20, 2026. Mwishoni anacheka: "Dada, usije ukakopa Novemba tena."

Ile stori ya baba mdogo na mguu wake uliotaka operesheni, mimi nikakopa ili ilipiwe, mnaijua. Hii sehemu sikuwaambia.

Novemba 2010, Reading, Uingereza. Nimekopa pauni 2,000 miezi 36, hela imeingia Jumatatu, Alhamisi mama mdogo anapiga, tulia mwanangu, shangazi kauza kiwanja, operesheni imeshalipiwa. Jumamosi asubuhi niko benki.

Mvua hiyo. Mwavuli wangu unachuruzika kwenye kapeti, nausukuma kwa mguu chini ya kiti, maji yanarudi kunifuata. Namwambia kijana wa mikopo narudisha hela yote, haijaguswa hata senti, kuna siku 14 za kujitoa kwenye mkopo, nalipa riba ya siku nilizokaa nayo basi. (Binamu ndo alinijaza maneno, Ujerumani hiyo ni kawaida.) Kijana kavuta droo, katoa karatasi ya semina imekunjwa mara nne, akaanza kupitisha kalamu mstari kwa mstari, midomo inacheza kama mtoto wa darasa la kwanza, mimi nafuata ile kalamu kama natafuta jina langu kwenye matokeo. Ikasimama. Akagonga mara mbili. Februari 1, 2011, ndo hizo siku 14 zinaanza huku.

"Madam, umewahi," akasema, na nadhani alikuwa ananionea huruma, sijui, Waingereza hawasomeki.

Kwa mkopo wangu wa Novemba, nikilipa mapema nakatwa riba ya karibu miezi miwili. Pauni 54.

Yaani sheria ileile ya siku 14 ya kwa binamu! Umoja wa Ulaya uliipitisha Aprili 2008, nchi zikapewa mpaka Juni 11, 2010, Wajerumani wakaanza siku hiyohiyo, huku Uingereza serikali ikaziachia kampuni mpaka Februari, anayetaka kuwahi awahi. Benki yangu haikutaka. Uholanzi ilifika Mei 2011, Hispania Septemba, kwa hiyo hata sikuwa wa mwisho kwenye foleni.

Nikainuka na mwavuli wangu, nikasema 54 siwapi ng'o. Na kweli sikuwapa. Hela ikakaa, Krismasi ikapita nayo kidogo, friji ikafa, marejesho nikayalipa miezi yote 36, riba niliyotoa mnaweza kupiga hesabu wenyewe, mimi sijawahi.

Binamu sijamjibu. Uingereza ilishatoka kwenye Umoja, hiyo Novemba yao hainihusu. Binti yangu yuko hapa mezani na simu, ananunua viatu kwa awamu tatu, ananiuliza kwa nini namchungulia.