Boneti ya kijani iliyoficha siri

Kabla sijasimulia, nikiri kosa: nilinunua madigadi kwa kutazama picha moja tu. Picha yenyewe ilipigwa kwa mbele, jua likimulika usoni mwa kamera. Muuzaji aliandika "ya John Deere 110" nami nikaona yatosha, maana trekta yangu, ile ndogo ya bustani, ni 110 ya mwaka 1970. Mzigo ulipofika, nikafungua boksi nikacheka peke yangu kama kichaa. Madigadi ya mviringo, mazuri kweli, lakini si yangu. Hizi trekta zilianza kutengenezwa 1963 zikiwa na madigadi ya duara, na kuanzia 1966 zikapewa ya pembe. Jina ni lilelile, 110. Bati ni lingine kabisa.

Tangu hapo siulizi mwaka, kwa sababu anayeuza mara nyingi anakisia tu. Naomba namba iliyogongwa kwenye kibati cha trekta ilikotoka, kisha naomba aweke futikamba kutoka tundu la bolti hadi tundu la bolti, apige picha. Wapo wanaokasirika. Anayekasirikia futikamba simnunulii kitu.

Madigadi ya pembe niliyapata baadaye, yakiwa na kutu pale nyuma ambapo tope hukaa. Nilikata sehemu mbovu, nikachora kiraka kwenye kadibodi kwanza, ndipo nikakata bati. Kuchomelea bati jembamba kunataka subira: nukta moja huku, nyingine kule, unaacha lipoe. Ukivuta mstari mrefu kwa pupa, bati linajikunja kama jani kavu, na kulinyoosha ni kazi nyingine.

Boneti ndiyo iliyonishangaza. Niliinunua kwa mtu aliyekuwa anavunja trekta yake kuuza vipande. Ya kijani, imebonyea kidogo upande mmoja, bawaba nzima. Nilipoanza kupiga msasa, chini ya ule ukijani ikachomoza rangi ya machungwa. Nikadhani ni praima, ile rangi ya kutangulizia. Nikaendelea, ikazidi kung'aa. Kumbe ilitoka kwenye trekta za Patio! Kati ya 1969 na 1971 kampuni iliuza baadhi ya trekta hizi zikiwa nyeupe, boneti na kiti vya rangi nyingine: nyekundu, machungwa, buluu au njano. Mwenyewe wa zamani nadhani alichoka kuulizwa maswali, akaipuliza kijani.

Kuifunga kulinila Jumamosi nzima. Bolti zote nilizishika kwa vidole tu, bila spana, halafu nikafunga boneti na kuangalia mwanya wa kila upande. Kushoto kidole kinapita, kulia hata karatasi haipiti. Nilitaka kuchukua tupa nipanue matundu, bahati mkono ukasita. Nikachungulia chini nikakuta mhimili wa dashibodi umeegemea upande, bolti moja imelegea, labda tangu enzi hizo. Nikaikaza, boneti ikakaa yenyewe. Hebu fikiria ningekuwa nimeshatoboa!

Na kila kitu nilikifunga kikavu kwanza, bila rangi, kisha nikakifungua tena. Ni kazi mara mbili, lakini spana ikiteleza, afadhali ikwaruze bati tupu.

Madigadi yamepakwa kijani, yanapendeza. Boneti bado ina rangi ya machungwa nusu, kijani nusu, na msasa uko juu yake. Mke wangu anataka ibaki ya machungwa. Namwambia mwili wa trekta ungepaswa kuwa mweupe, haitalingana. Anasema, "Kwani nani anakuja kukagua?" Juzi nimeikuta imefutwa vumbi upande wa machungwa tu.