Unga mweupe juu ya meza yangu

Uganda hatuna bahari. Matope yangu yalitoka chini ya Bahari ya Hindi, yakaja Kampala kwa basi kutoka Mombasa, na kazi yangu ilikuwa moja: kujua tabaka lile lina umri gani. Mlikuwa na foraminifera ndani yake, viumbe wa seli moja wenye ganda la chokaa, dogo kama punje ya chumvi.

Nilikaa kwenye hadubini siku tisa nikiokota ganda moja moja kwa ncha ya brashi iliyolowa. Ganda moja lilikuwa na kama mikrogramu 12. Maganda 50 ni mikrogramu 600, na kaboni ni asilimia 12 tu ya uzito huo, yaani mikrogramu 72. Umri husomwa kwa kaboni-14, aina ya kaboni inayopungua polepole tangu kiumbe afe, na maabara za kuipima kwa kawaida hutaka karibu mikrogramu 1,000 za kaboni.

Pembeni nilitayarisha, kwa uzito uleule, ganda kongwe ambalo kaboni-14 yake ilishakwisha kabisa. Hilo ndilo shahidi. Likisomeka na umri mdogo, ujue uchafu umeingia mikononi mwako. Majibu yaliporudi kutoka ng'ambo, shahidi alisoma miaka 29,000. Iliniuma sana.

Kwanza nilishuku moshi, kwa kuwa chini ya dirisha letu kuna mama anayepika roleksi, chapati za kukunjia mayai, kwa mkaa tangu alfajiri. Lakini kaboni ya ganda hutolewa kwa asidi ya fosforiki, na asidi hiyo haiyeyushi masizi. Mama yule hakuwa na kosa.

Fundi wetu, mzee wa Arua, ndiye aliyenifungua macho.

"Mzee, meza hii hufutwa lini?"

"Kila asubuhi, mwanangu. Ila huo unga mweupe haukomi. Ukuta tuliupaka chokaa mwaka jana, sasa unabanduka."

Nikaukusanya kwa brashi, nikaudondoshea tone la asidi. Ukatoa povu papo hapo.

Chokaa ya ukutani ni mawe yaliyochomwa. Ikishapakwa hunyonya hewa ukaa iliyomo chumbani na kugeuka jiwe tena, kwa hiyo kaboni yake ni ya juzi tu. Asidi haiwezi kuitofautisha na ganda. Chembe yenye uzito wa nusu ganda tayari ni asilimia moja ya sampuli yangu, na asilimia moja ya kaboni mpya humfanya shahidi asome miaka 37,000 hata kama hana kaboni-14 hata chembe.

Tukahamia chumba chenye kuta za rangi ya mafuta. Safari hii niliyavunja maganda kati ya vioo viwili ili tope la ndani litoke, nikayaosha kwa methanoli na maji safi, kisha nikayamenya ngozi ya nje kwa asidi hafifu ya hidrokloriki. Hapo ndipo haraka inapotakiwa. Uso mpya wa ganda huvuta hewa ukaa, nami awali nilikuwa nayaacha yakauke usiku kucha. Sasa nilikausha na kufunga vichupa asubuhi ileile, kabla umeme haujakatika.

Shahidi wa pili alipita miaka 40,000. Tope langu lilisoma 8,900, na hapo bado sijaondoa ile miaka 400 hivi ambayo bahari huongeza kwa kaboni yake kongwe ya kilindini. Nilimpelekea mzee karatasi ya majibu. Aliisoma akiwa amesimama, kisha akauliza kama chumba cha zamani tukipake rangi Jumamosi.