Chukudu ya Kibati
Binti yangu ameiteremsha kutoka rafuni ile chukudu ndogo ya mbao niliyorudi nayo kutoka Goma, mfano wa baiskeli ya mbao isiyo na pedali ambayo watu wa huko huisukuma kubebea mizigo, akaiviringisha sakafuni na kuuliza ni nani aliyepigilia raba kwenye magurudumu yake. Nilikusudia kumjibu kwamba ni fundi tu, lakini nikajikuta ninamsimulia habari ambayo sikuwahi kuiandika.

Ilikuwa wiki ya mwisho ya Agosti 2013, kwenye barabara ya Rutshuru, chini kidogo ya Kibati, kilomita kama 15 kaskazini mwa Goma. Jeshi la Kongo lilikuwa likipambana na waasi wa M23, likisaidiwa na brigedi ya Umoja wa Mataifa yenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Nilikwenda kuhesabu vifaru na kusikiliza mizinga, nami nilifanya hivyo kwa bidii. Taarifa zangu zote za wiki ile zimejaa mizinga.

Chukudu ilikuwa ikiteremka kutoka upande wa mapigano, imebeba magunia mawili ya viazi, kijana akiizuia kwa mwili wake wote isimponyoke, na mama yake akifuata nyuma, jembe begani. Penye yale mawe meusi ya volkano, raba ya gurudumu la mbele ikachomoka. Askari mmoja wa Kongo, aliyekuwa ameketi kando ya barabara akisubiri lori la kumpeleka mbele, aliinuka bila kuombwa. Aliokota jiwe la kupigilia, akaitazama bunduki yake, kisha akaninyooshea mimi niliyekuwa karibu zaidi: “Papa, nishikie kidogo.”

Nilirudisha mikono nyuma. Mwandishi wa habari hagusi silaha. Ndivyo tulivyofundishwa, na kanuni hiyo ina sababu nzuri. Nilikuwa nimeanza kumweleza sababu hizo kwa Kiswahili changu cha Dar es Salaam, chenye kila ngeli mahali pake, mama alipotua jembe, akasema “Leta,” akaipokea. Aliishika kama mtu anavyomshika mtoto wa jirani aliyejilowesha: kwa mikono miwili, mbali kidogo na kitenge chake, mtutu ukitazama chini.

Askari alipiga magoti, akainyoosha misumari iliyopinda mmoja mmoja juu ya jiwe, akaanza kugonga. Kila mzinga ulipolia kule juu aliacha, akasikiliza, akaendelea. Viazi vilikuwa vidogo kama mayai ya kanga, nikamuuliza mama kwa nini amevichimba kabla ya wakati. “Tulichimba mbele ya basoda,” alisema, yaani kabla askari hawajavichimba wao, na askari aliyepiga magoti miguuni pake akacheka mpaka msumari ukamdondoka.

Lori likaja, akachukua bunduki yake, akapanda. Siku chache baadaye M23 waliondoka Kibati, na kufikia Novemba walikuwa wameshindwa. Kisa cha chukudu sikukiandika. Nilijiambia kwamba ninamlinda yule askari, asije akaadhibiwa kwa kumkabidhi raia bunduki. Huenda pia nilikuwa ninamlinda mtu mwingine aliyesimama pale, mikono ikiwa mgongoni.

“Na yule mama angekataa?” ameuliza binti yangu.

Nimemjibu kwamba askari angeilaza bunduki juu ya mawe, basi. Ameridhika, amerudi kwenye mchezo wake. Mimi ndiye niliyebaki nikijiuliza, baada ya miaka yote hii, kwa nini hakuilaza juu ya mawe tangu mwanzo.