Shangazi Akagua Wodi

Kati ya makao ya wazee tuliyoyakagua Nakuru mwaka 2023 kwa ajili ya Shangazi, yaliyompendeza zaidi binamu yangu yalikuwa yale yenye bustani. Aliyaona kwa picha akiwa Kanada, ambako amefanya kazi kwa miaka mingi, na kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa alipe sehemu kubwa ya ada, neno lake lilikuwa na uzito. Palikuwa na nyasi zilizokatwa vizuri, viti vya kupumzikia chini ya miti na sebule yenye mapazia mapya. Mimi, niliyekuwa nikiishi na Shangazi katika mtaa wa Section 58 na niliyejua usiku wake ulivyokuwa, sikuona katika picha hizo hata moja iliyojibu lile lililokuwa likitusumbua.

Shangazi, dada mkubwa wa baba yangu, alikuwa muuguzi na mkunga wa serikali. Sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi aliipitisha katika hospitali kuu ya Nakuru, ile ambayo watu wa rika lake bado huiita PGH, na alipostaafu alibaki mjini badala ya kurudi Vihiga. Ugonjwa ulianza kwa mambo madogo: mboga kutiwa chumvi mara mbili, pesa za pensheni kutolewa benki na kufichwa ndani ya pipa la unga. Daktari aliagiza kwanza vipimo vya damu, vya tezi ya shingo, vitamini B12, kaswende na Virusi vya Ukimwi, kwa sababu yapo maradhi yanayotibika ambayo humfanya mtu asahau. Kisha akampa karatasi na kumwomba achore uso wa saa inayoonyesha saa tano na dakika kumi. Shangazi alichora duara safi, akazirundika tarakimu zote upande mmoja, akamrudishia daktari karatasi kwa tabasamu la mtu aliyemaliza mtihani kabla ya wenzake. Ilikuwa dimenshia, yaani ugonjwa wa kusahau, na kwa maelezo ya daktari, yaelekea ni ya Alzheimer, ambayo ndiyo iliyoenea zaidi.

Mchana tuliumudu. Taabu ilianza jua lilipoelekea kutua, wakati ambao wagonjwa wengi wa aina hii hubadilika: huhangaika, huogopa vivuli, hudai kwenda kwao ilhali wako kwao. Shangazi hakudai kwenda kwao. Alidai kwenda kazini. Alivaa sweta yake ya buluu, akachukua mkoba na kuutafuta mlango, kwa maana zamu ya usiku ilikuwa ikimngoja. Usiku mmoja vijana wa bodaboda walimkuta kando ya barabara kuu ya Nairobi, ambapo malori ya kwenda Uganda hupita kwa kasi, naye akawashukuru na kuwaomba wamharakishe wodini. Bahati njema walimjua, wakamleta nyumbani.

Baba mdogo, mwalimu mstaafu anayeishi Maragoli, kwetu Vihiga, hakutaka kusikia habari za makao. Alitusomea kwa simu Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010, kinachompa mzee haki ya kutunzwa na familia yake na Dola, akasisitiza kwamba familia imetajwa mbele. Dada yake hawezi kupelekwa kwa watu baki, alisema, na hali boma lipo na wake za wanawe wapo. Nilimheshimu, lakini hofu yangu ilikuwa huko huko kijijini. Katika sehemu nyingi za magharibi ya Kenya, mwanamke mzee anayekutwa usiku akizunguka kwenye boma lisilo lake hadhaniwi kuwa mgonjwa. Husemwa kuwa mchawi. Mwaka 2021, huko Marani katika kaunti ya Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na umati kwa tuhuma hizo. Nilipomkumbusha jambo hilo, baba mdogo alinyamaza kwa muda, kisha akasema kwamba ikiwa hapana budi, basi niyachunguze hayo makao kama ninayemchunguzia binti yangu ukoo wa mchumba.

Upande wa fedha hauna mengi. Kwa kuwa Shangazi alikuwa na pensheni, zile Sh2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wazee, hazikumhusu, na NHIF, bima ya afya ya taifa ambayo wakati huo ilikuwa haijarithiwa na SHA, ilikuwa bima ya kutibiwa, si ya kukaa. Yako makao yanayoendeshwa na watawa kwa ajili ya wazee maskini, kama Nyumba ya Wazee iliyoko Kasarani, Nairobi, lakini Shangazi alikuwa na jamaa wa kujaza matatu na haingekuwa haki kumnyima nafasi hiyo asiye na mtu. Kwa hiyo tulitafuta makao ya kulipia.

Katika makao ya bustani tulifika saa nne asubuhi, kwa miadi, pamoja na Shangazi. Matroni alitupokea kwa heshima na kututembeza taratibu, akieleza ni nani aliyetoa viti na ni nani aliyechangia televisheni. Sebuleni wazee walikuwa wameketi mbele ya televisheni hiyo, na karibu wote walikuwa wamesinzia. Nilijiuliza kwa nini watu walioamka na kunywa uji asubuhi ile walale hivyo kabla ya saa sita. Nilipogeuka kumuuliza matroni, Shangazi hakuwa nyuma yetu.

Tulimkuta katika chumba cha wale wasioweza kuamka. Alikuwa amesimama kando ya kitanda cha mzee mmoja, ameweka mkoba wake chini, na mikono yake ilikuwa ikifanya kazi. Alivuta ncha ya shuka, akatazama jinsi ilivyokunjwa, akatikisa kichwa. Kisha akaliinua blanketi kutoka miguuni, akauinua mguu wa mzee yule kwa viganja viwili bila kumuumiza, akautazama kisigino. Kisigino kilikuwa kimefanya kidonda cheusi. "Huyu amegeuzwa saa ngapi?" aliuliza, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa muda mrefu.

Wanaojua ugonjwa huu husema kwamba ustadi ambao mikono imeurudia kwa miaka mingi hudumu hata baada ya matukio ya jana kufutika, na siku ile niliyaona hayo kwa macho yangu. Mwanamke aliyekuwa amesahau kwamba mumewe alifariki alikuwa hajasahau kwamba mgonjwa asiyejiweza hugeuzwa kila baada ya saa mbili au hivi, la sivyo nyama huoza pale mfupa unapobana godoro. Kidonda kile hakikuanza jana. Lakini kilichonikata maini zaidi ni jibu la matroni, ambaye alimshika mkono, akamwambia kwa ukali uliofichwa ndani ya upole, "Mama, rudi ukae. Hiyo si kazi yako." Shangazi alitii, akaketi, na kuanzia hapo hakusema neno mpaka tukafika nyumbani.

Nilirudi kwenye jambo la usingizi. Matroni alikiri kwamba wale wanaosumbua hupewa dawa ya kuwatuliza, na nilipouliza ni daktari gani anayeiandika na huipitia upya baada ya muda gani, alisema kwamba wao wenyewe wana uzoefu. Sikuomba kuona chati ya mgonjwa yeyote, maana hiyo ni siri yake. Nilichotaka ni utaratibu, na utaratibu haukuwapo. Dawa za kutibu wazimu, ambazo mara nyingi ndizo hutumiwa kuwanyamazisha wazee wenye dimenshia, zimejulikana kuwa hatari kwao tangu zamani. Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo liwekwe kwenye zile za kizazi kipya kwamba huongeza vifo kwa wagonjwa hawa, na mwaka 2008 onyo hilo likapanuliwa hadi zile za zamani. Zipo hali ambazo daktari huziandika kwa muda mfupi akiwa na sababu nzito. Kumchosha mtu ili televisheni itazamwe kwa utulivu si mojawapo.

Binamu yangu hakuridhika na maelezo hayo. Aliona kwamba nimeamua kulichukia jengo zuri. Kwa hiyo nilirudi huko peke yangu, bila miadi, baada ya jua kutua, kwa kisingizio cha kuulizia risiti ya fomu. Mhudumu wa kike mmoja ndiye aliyekuwa zamu na wazee wote. Vyumba vilikuwa vimefungwa kwa kufuli kwa nje, na funguo alikuwa nazo askari wa lango, ambaye alikuwa ametoka kwenda kununua maziwa. Nilimweleza binamu hayo kwa simu nikiwa bado barabarani, nikamwomba afikirie moto ukitokea. Hakuitaja bustani tena.

Makao ya pili yalikuwa upande wa Njoro, katika nyumba ya zamani yenye paa la mabati na sakafu ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu. Huku tulikwenda jioni kwa makusudi, Shangazi akiwa tayari amevaa sweta yake na kuushika mkoba. Makelele yalitupokea mlangoni: redio, sufuria, mama mmoja aliyekuwa akiimba nyimbo za kanisani bila kufika mwisho wa ubeti. Mzee mwingine alikuwa akimenya viazi jikoni, akipoteza nusu ya kiazi katika kila ganda, na hakuna aliyemwondolea kisu, ambacho kilikuwa butu kama nilivyohakikisha baadaye. Chumba kimoja kilinuka mkojo. Muuguzi wa zamu, mwanamke wa makamo, aliniona nikiinusa hewa, akasema bila kuzunguka kwamba godoro la humo limetolewa kuanikwa na kwamba mwenye kitanda alianza kujikojolea juzi tu, kwa hiyo wamepeleka mkojo wake ukapimwe. Nilimpenda kwa jibu hilo. Maambukizi ya njia ya mkojo huweza kumvuruga akili mzee kwa ghafla, na makao yasiyolijua hilo hudhani ugonjwa wa kusahau umezidi tu.

Shangazi alimwendea moja kwa moja na kumwambia kwamba amechelewa zamu. Nilishika pumzi. Muuguzi alimtazama yule mama mwenye sweta na mkoba, akavuta kiti, akasema, "Karibu, Sista. Ripoti ya mchana ndiyo hii." Akampa daftari lao lenyewe. Shangazi akavaa miwani na kusoma mistari kadhaa kwa kidole. Muuguzi akamuuliza, "Wewe ulipokuwa ukipokea zamu ya usiku, ulikuwa ukianza na nini?" Shangazi akajibu kwamba huanzi na kitu mpaka umewaona wagonjwa wote kwa macho yako. Basi wakainuka, wakapita kitanda kwa kitanda, mmoja akiuliza na mwingine akijibu, nami nikiwafuata nyuma na karatasi yangu ya maswali ambayo kwa sehemu kubwa ilikuwa inajibiwa. Alifunua visigino. Vilikuwa safi.

Yaliyosalia niliyauliza mezani. Usiku walikuwa wahudumu wawili na muuguzi mmoja, na mlango mkuu ulifungwa kwa komeo la ndani ambalo kila mhudumu alikuwa na ufunguo wake. Wazee walipimwa uzito kila mwezi, kwa sababu mgonjwa wa dimenshia huweza kukonda bila yeyote kutambua kwamba amesahau kumeza. Akianguka, familia hupigiwa simu usiku ule ule. Niliuliza pia kuhusu lugha, swali ambalo halikuwa katika karatasi yangu. Kiswahili cha Shangazi na Kiingereza chake cha hospitali vilikuwa vikimpungukia kadiri usiku ulivyosonga, na saa nane za usiku alibaki na Kilogooli peke yake. Mtu asiyekijua angemwona anabwabwaja, kumbe anaomba maji. Muuguzi alimwita mmoja wa wahudumu wa usiku, msichana kutoka Mbale ya Vihiga, ambaye alimsalimu "Mirembe" na kuanza kumuuliza habari za ukoo. Hao tukawaacha.

Kasoro zilikuwapo. Bafu halikuwa na vyuma vya kushikilia ukutani, na ngazi mbili za nyuma hazikuwa na taa, jambo ambalo kwa mifupa ya umri ule ni mwaliko wa kuvunjika nyonga. Tuliyaandika kama masharti kabla ya kumpeleka, nao wakakubali kuyatengeneza ikiwa tutachangia gharama. Binamu alinung'unika kuhusu mchango huo, akatuma.

Baba mdogo ndiye aliyebaki. Yeye ni mzee wa Kanisa la Marafiki, na kwa watu wa kanisa hilo kusema kweli si jambo la kufanyiwa mzaha, hivyo alitaka kujua kama dada yake atakuwa akidanganywa kila jioni kwamba yuko hospitalini. Nilimrudia mazungumzo yale neno kwa neno. Daftari lilikuwa daftari la kweli, wagonjwa walikuwa wagonjwa wa kweli, na hakuna aliyetaja PGH. Alifikiri sana, akasema kwamba huo si uongo ila ni ujanja, na kwamba ujanja wa namna hiyo hata Sulemani aliutumia. Akakubali aende kwa mwezi mmoja wa majaribio, kwa sharti kwamba yeye mwenyewe atapanda matatu kutoka Maragoli na kuja kuona bila kuwaarifu. Nililipa ada ya mwezi huo jioni ile ile, kabla hajabadili nia.