Kutoka Malindi Hadi Hekalu la Jinghai

Nilitoka Shanghai asubuhi kwa treni ya mwendo kasi, na baada ya saa moja na ushei nikashuka Nanjing. Makaburi ya wafalme niliyaacha kwa siku nyingine. Nilikwenda moja kwa moja Jinghai, hekalu lililo karibu na Mto Yangtze, ambalo jina lake lina maana ya kutulia kwa bahari.

Lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 15 kwa amri ya mfalme Yongle, kuadhimisha safari za Zheng He, yule amiri wa majini ambaye merikebu zake zilifika hadi pwani yetu, Malindi. Humohumo, Agosti 1842, maofisa wa Qing, nasaba iliyotawala China wakati huo, waliketi na Waingereza walioshinda Vita vya Afyuni. Kisha tarehe 29, ndani ya manowari Cornwallis iliyotia nanga mtoni, wakatia saini mkataba uliowanyang'anya Wachina kisiwa cha Hong Kong, ukawatoza dola za fedha milioni 21 na kuwalazimisha kufungua bandari tano. Jengo la sasa limejengwa upya, lakini niliingia kwa sauti ya chini, kama aingiaye msibani.

Ndani nilimkuta mzee akimfundisha mjukuu wake miaka: 1842, 1895, Japani ilipoitwaa Taiwan, 1937, mauaji ya Nanjing yenyewe. Kila alipotaja mwaka, alingoja mtoto aurudie. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini Beijing, inapoambiwa habari ya Taiwan, au ilipoukataa uamuzi wa usuluhishi wa 2016 uliopinga madai yake juu ya Bahari ya Kusini ya China, husema kama mtu aliyewahi kuporwa nyumba yake.

Sisi Waafrika husimuliwa zaidi habari ya Zheng He, kwamba alikuja asitwae ardhi. Ni kweli, hakuacha koloni. Hata hivyo misafara ile ilibeba maelfu ya askari, na huko Sri Lanka ilipigana ikamteka mtawala. Hotuba za urafiki wa China na Afrika huliruka jambo hilo, nami naona si haki kuliruka.

Mzee aliniuliza nimetoka wapi. Nilipomjibu kwa Kichina changu cha darasani, mtoto akataka kujua kama Waingereza walifika kwetu pia. Nikamwambia walifika, na kwamba tulipata uhuru mwaka 1963. Babu yake akamwambia aurudie na huo.