Barua za wadhamini zilizokuwa hazifiki: jinsi nilivyotatua

Jana nimelala usingizi mzito, basi leo naandika. Ninaratibu ufadhili wa watafiti katika maktaba ya historia na fasihi huko Chicago. Misimu miwili mfululizo, dirisha la maombi likifungwa, maombi mengi hayana barua za wadhamini, yaani watu wanaompendekeza mwombaji.

Nilituma vikumbusho. Nikasogeza tarehe ya mwisho wiki nzima. Wapi!

Mwishowe nikajifanya mwombaji: nikafungua akaunti kwenye mfumo wetu wa maombi, nikajaza barua pepe yangu nyingine kama ya mdhamini, nikasubiri. Kimya siku nzima. Nilipobonyeza “Wasilisha” tu, ujumbe ukaingia. Kumbe mfumo haumwandikii mdhamini mpaka mwombaji awasilishe, na nani asiyewasilisha usiku wa mwisho? (Mimi mwenyewe nilikuwa hivyo.)

Nikaingia kwenye mipangilio, nikaweka ujumbe utoke mara jina la mdhamini linapohifadhiwa. Kisha nikatenganisha tarehe: maombi kwanza, barua wiki mbili baadaye. Nikaongeza pia kwamba saa sita usiku ya kufunga ni ya Chicago. Januari, kwa aliye Nairobi, hiyo ni saa tatu asubuhi.

Msimu huu nimempigia simu mdhamini mmoja tu, naye alikuwa safarini.