Chembe nyeusi mguuni mwa mjomba

Leo nimempeleka mjomba hospitali hapa Kisumu. Mguu umemvimba miaka mingi, ila haumuumi sana, basi yeye shambani tu, pekupeku. Majirani walishaamua karogwa.

Daktari akabinya kidonda. Usaha ukatoka na chembe nyeusi, ndogo kama mbegu za mchicha. Akaziweka kwenye pamba nyeupe.

Anashuku kuvu: maisetoma, ugonjwa ambao Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikuja kuutambua mwaka 2016 tu kuwa miongoni mwa magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa! Kipande cha nyama kimepelekwa maabara, na eksirei imepigwa kuona kama mfupa umeguswa.

Mjomba hata gharama hakuuliza. Alizikodolea macho chembe zile.

"Kumbe hizi ndizo nilizokuwa nikizipangusa na majani?"

Jamani, nani ana ndugu aliyetibiwa haya? Dawa alimeza muda gani?